Njia ya Pwani Katika Nchi ya Baridi

Mwezi huu tunawapeleka mbali na pwani yetu, mpaka mji wa Anchorage katika jimbo la Alaska, kaskazini ya Marekani. Mji huo u kando ya mkono wa bahari uitwao Cook Inlet, na ukingoni mwake imetandazwa njia ya lami isiyopitwa na motokaa, ila na waendao kwa miguu na wapandao baiskeli. Urefu wake ni kilomita 18 hivi, toka katikati ya mji mpaka bustani kubwa ya Kincaid. Imepewa jina la Tony Knowles, aliyekuwa meya wa mji huo tangu mwaka 1981 hata 1987.

Aendaye njia hiyo huona mengi. Siku ya anga safi huonekana kwa mbali mlima Denali, wenye mita 6,190, nao waupita Kilimanjaro wetu. Majini huzuka mara nyingine nyangumi weupe. Na huenda akakutana na musi, mnyama wa ukoo wa kulungu, mwenye kimo cha farasi. Huyo hasogelewi, hasa mama mwenye ndama. Katika mwezi wa Juni jua huchwa karibu na saa 6 za usiku, mgeni akauliza Maghribi i wapi.

Njia hiyo hupita mahali pa mazingatio. Tarehe 27 Machi 1964, jioni, nchi ilitetemeka kwa muda wa dakika 4 na zaidi, kwa nguvu ya kipimo cha 9.2. Chini ya mtaa wa Turnagain palikuwa na tabaka ya udongo laini. Ikalegea, na nyumba 75 hivi zikaporomoka pamoja na ardhi yake kuelekea baharini. Leo pahala hapo ni bustani, na miti imeota juu ya mabonde na vilima vilivyoachwa na maporomoko hayo.

Lakini liko jambo linalotuhusu zaidi. Maji yakupwapo, huonekana uwanja mpana wa matope, mfano wa pwani yetu wakati mama zetu washukapo kuokota chaza. Matope yale si haya. Ni unga wa mawe uliosagwa na mito ya barafu. Mguu ukikanyaga, unga hulegea na kuumeza. Kisha hushikana kama saruji, usiweze kutoka. Na maji ya huko hupanda mita 9 na zaidi siku za bamvua, ilhali yetu hupanda 4 hivi. Wako waliokufa hivyo, katika maji ya Cook Inlet, wakitazamwa na waliokuja kuwaokoa.

Twayasema haya kwa ajili ya vijana wetu wasafirio kwa elimu na kazi. Mtoto wa pwani hujiona aijua bahari, na kwa hakika aijua ya kwao. Ugenini ujuzi huohuo waweza kumponza, kwa kuwa humzuia kuuliza. Na kuuliza si ujinga. Basi, enyi wazazi, mnapowaaga watoto, pamoja na dua na masurufu watieni na wasia huu: ufikapo, kwanza muulize mwenyeji pa kukanyaga.