Aliyedanganya Ndiye Aliyepewa Spana



Wako watu wasemao kwamba shauri la motokaa za dizeli za Volkswagen limekwisha, na kwamba lilikuwa shauri la matajiri wa Ulaya na magari yao. Sisi twasema halijakwisha, wala halikuwa la matajiri. Lilikuwa shauri la mwalimu, la mwuguzi na la seremala wa huko, aliyekopa fedha benki akanunua gari aliloambiwa kuwa ni safi, lina nguvu na halili mafuta. Mtu huyo alidanganywa siku aliyonunua. Kisha akaitwa gereji ili udanganyifu ule urekebishwe, naye akarudishiwa gari ambalo maelfu ya wenzake wanalalamika kuwa si lile walilolipeleka. Udanganyifu wa kwanza dunia nzima imeulaani. Dhuluma ya pili, ile ya matengenezo, imepita kimya kimya. Hiyo ndiyo tunayoiandikia leo.

Kwanza tueleze yaliyotokea, asije mtu akasema twapiga domo.

Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, liliishtaki kampuni ya Volkswagen mbele ya ulimwengu. Ilikuwa imetia maagizo ya siri ndani ya kompyuta ya injini. Injini ya dizeli inapochoma mafuta kwa joto kali hutoa gesi za oksaidi za naitrojeni, gesi ziumizazo mapafu, na wanaoumia zaidi ni watoto na wagonjwa wa pumu. Sheria imeweka kiasi kisichopitwa. Basi kompyuta ile ilijua gari linapokuwa juu ya mtambo wa kupimia, ambako magurudumu yanazunguka lakini usukani haugeuki. Hapo ikasafisha moshi kwa adabu kubwa. Gari likitoka barabarani, usafishaji ukapunguzwa, na gesi zikatoka hata kufikia mara 40 ya kiasi cha sheria ya Marekani. Mambo yalianza kufichuka mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walipotangaza matokeo ya kuyapima magari yakiwa safarini. Kampuni ikakiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na maagizo hayo. Milioni 8.5 yalikuwa Ulaya, na katika hayo milioni 1.2 yalikuwa Uingereza.

Sisi tuliosomea ualimu twaujua mchezo huu. Mtoto huficha majibu katika mkono wa shati, akaandika vizuri maadamu mwalimu anatazama. Mtoto huyo akikamatwa huadhibiwa. Lakini hatujapata kumsikia mwalimu amwambiaye, "Sasa nenda kajitungie mwenyewe mtihani mwingine, mimi nitatia sahihi." Ulaya ilifanya hivyo hasa. Oktoba 2015 mamlaka ya magari ya Ujerumani, KBA, iliamuru magari yaitwe gereji. Dawa yake nani aliipika? Kampuni ile ile iliyotia sumu. Mamlaka ikaitazama, ikaikubali.

Na dawa yenyewe ilikuwa nini? Kwa injini za lita 2.0 ilikuwa ni kufuta maagizo ya zamani katika kompyuta na kuandika mapya, kazi ya kama nusu saa. Kwa injini za lita 1.6 yaliongezwa maagizo hayo pamoja na kipande kidogo cha plastiki chenye wavu, kinachowekwa mbele ya kifaa kipimacho hewa iingiayo katika injini. Basi. Hakuna injini iliyofunguliwa, wala vali iliyobadilishwa, wala chujio lililoongezwa ukubwa.

Hapa yafaa tuelewe kazi ya injini, maana mtu asiyeielewa hudanganywa mara ya tatu. Ili gesi zile zipungue, gari hurudisha sehemu ya moshi wake ndani ya injini kwa njia ya vali maalum, joto likapungua. Lakini moshi urudio ndani una masizi. Vali ikifunguka mara nyingi zaidi kuliko ilivyozoea, masizi huigandia, nayo hukwama. Tena moto ukipoa masizi huzidi, na masizi hayo hunaswa na chujio lililo katika bomba la moshi. Chujio likijaa, kompyuta huongeza mafuta ili joto lipande na masizi yaungue. Hayo yataka mwendo mrefu na wa kasi. Mtu wa mjini aendaye sokoni na kurudi hampi chujio nafasi ya kujisafisha. Taa huwaka mbele ya dereva, kompyuta huibana injini isitoe nguvu yake, na gari hutambaa kama kobe.

Sasa linganisheni maelezo hayo na malalamiko yaliyotoka Uingereza, Ujerumani na kwingineko baada ya matengenezo kuanza mwaka 2016. Walisema gari linakula mafuta zaidi. Walisema limepoteza nguvu ya kupanda mlima. Walisema linashtuka-shtuka ukikanyaga mafuta, na chujio linajisafisha mara kwa mara kuliko zamani. Walisema vali ya kurudisha moshi imekwama miezi michache baada ya kutoka gereji, na wengine gari likawaishia nguvu katikati ya barabara kuu, malori yakiwafuata nyuma. Watu wasiojuana, katika nchi mbalimbali, walitaja ugonjwa mmoja.

Kampuni ilijibuje? Ilijibu kwamba mamlaka imethibitisha kuwa hakuna lililoharibika: si ulaji wa mafuta, si nguvu ya injini, si kelele. Haya, na tuikubali kauli hiyo kwa dakika moja, tuone inatufikisha wapi. Ikiwa gari laweza kusafishwa kwa nusu saa, bila kupoteza nguvu, bila kuongeza mafuta, bila kuchosha kipuri hata kimoja, basi kwa nini mlidanganya tangu mwanzo? Mwizi haibi kitu alichopewa bure. Mtu hahatarishi jina lake na mabilioni ya fedha ili kukwepa kazi ya nusu saa isiyo na gharama. Ama usafi ulikuwa na bei, na bei hiyo ameachiwa mnunuzi. Ama haukuwa na bei, na kampuni ilidanganya kwa kupenda tu. Wachague wenyewe.

Hatusemi magari yote yaliugua. Wako walioendelea kuendesha bila kuona tofauti, nasi hatuna sababu ya kuwakanusha. Tena gari lenye kilomita 150,000 laweza kuharibika vali bila ya mtu kuligusa. Lakini swali la haki haliulizi ni wangapi waliopona. Lauliza, aliyeumia ni juu ya nani kuthibitisha? Mnunuzi hana mtambo wala hayajui maagizo yaliyomo katika kompyuta. Kampuni inayo yote. Hata hivyo ni mnunuzi aliyesimama mbele ya meza ya gereji akiambiwa, "Ndugu, hilo ni uchakavu wa kawaida. Lipa."

Mwaka 2017, kelele zilipozidi na Halmashauri ya Umoja wa Ulaya kuingilia kati, kampuni ilitoa ahadi. Kwa miaka 2 baada ya matengenezo itayasikiliza malalamiko juu ya vipuri 11 vya injini na vya kusafisha moshi, maadamu gari halijapita kilomita 250,000. Iliita jambo hilo hatua ya kujenga imani. Twashukuru kwa waliosaidiwa. Lakini ahadi ya hisani si haki. Hisani ina mwisho wa tarehe, na anayeitoa ndiye anayeamua nani apewe. Gari lililokwama mwaka wa tatu lina mwenyewe pia, naye alidanganywa vile vile.

Wako watakaosema, "Ninyi mwatetea nguvu za magari, na watoto wapumue nini?" La hasha! Hewa safi ni haki ya kila mtu, na gari chafu halina budi kutengenezwa au kuondolewa barabarani. Hatubishani juu ya hilo hata kidogo. Tunabishana juu ya nani alipe. Aliyechafua hewa ni yule aliyeandika maagizo ya siri, si yule aliyewasha gari asubuhi aende kazini.

Tena msituambie kwamba njia nyingine haikuwako. Ilikuwako, ng'ambo ya bahari. Marekani, katika mapatano ya mwaka 2016, kampuni ilitakiwa kutenga hadi dola bilioni 10 kwa ajili ya wenye magari ya lita 2.0, yapatayo 475,000. Mwenye gari alipewa uchaguzi: alirudishe kwa bei liliyokuwa nayo kabla ya aibu kufichuka, au angoje matengenezo yatakayokubaliwa na serikali, yakiwa na dhamana ndefu. Na juu ya hayo akalipwa fidia ya kuanzia dola 5,100 hadi kama dola 10,000. Kampuni ni ile ile, udanganyifu ni ule ule. Mnunuzi wa Ulaya hakupewa uchaguzi wowote. Ujerumani, aliyekataa kulipeleka gari lake gereji aliona likifutwa katika daftari la magari, kuanzia mwaka 2018. Yaani aliyedanganywa akaadhibiwa kwa kutomwamini aliyemdanganya! Wabunge wa Kamati ya Uchukuzi ya Uingereza waliliona hilo mapema, Julai 2016, wakasema si haki wateja wa Ulaya kunyimwa walichopewa wa Marekani.

Tofauti ilitoka wapi? Marekani, serikali ilisimama upande wa mnunuzi na sheria ikawa na meno. Ulaya, mnunuzi mmoja mmoja aliachwa akabiliane na kampuni, na mtu mmoja mbele ya kampuni ni sisimizi mbele ya tembo. Ilipasa waungane kwa maelfu ndipo wasikilizwe. Mei 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kuwa mnunuzi ana haki ya kurudisha gari na kupewa fedha yake, ikipunguzwa kwa kadiri alivyolitumia. Mei 2022 wadai 91,000 wa Uingereza na Wales walipata mapatano ya pauni milioni 193. Umoja ni nguvu. Hapo hakuna la kuongeza.

Kisha ukaja ushahidi uliowaumbua. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika mashauri yaliyotoka Austria. Mashauri hayo hayakuhusu maagizo ya zamani. Yalihusu maagizo mapya, yale ya matengenezo! Ilionekana kwamba dawa yenyewe ilisafisha moshi kikamilifu baina ya nyuzi 15 na nyuzi 33 za joto tu, na chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda kupita hapo, usafishaji hupungua, na kwa mita 250 zaidi hufika sifuri. Mahakama ikasema hicho nacho ni kifaa cha kukwepa sheria. Mwanafunzi yule aliyeachiwa ajitungie mtihani alikuwa ameficha majibu katika mkono wa pili wa shati.

Sasa asiwepo mwananchi wa huku atakayesema, "Hayo ni ya Ulaya." Hesabuni wenyewe. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Kigali ni kama 1,500. Nairobi yapita 1,600, na Mbeya ni kama 1,700. Gari lenye maagizo hayo likifika katika miji hiyo, kwa kipimo cha mahakama limekwisha kuvuka mpaka wa usafi wake. Ni kweli kwamba magari mengi ya mitumba yajayo kwetu hutoka Japani. Lakini Uingereza nayo huuza huku, maana usukani wake uko upande wetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 ya mitumba yaliuzwa nje, na Afrika ilipokea fungu kubwa kuliko bara lolote. Kenya hukataa gari lililopita miaka 8, nayo yafanya vyema. Lakini umri si ugonjwa pekee wa gari. Lipo gari changa lenye kompyuta mwongo.

Basi twataka mambo manne, na tuyadai kwa sauti moja.

Kwanza, gari la dizeli liingialo bandarini lije na historia ya matengenezo yake, na lipimwe moshi likiwa mwendoni, si limesimama kama bibi harusi anayetazamwa.

Pili, mnunuzi aambiwe kwa maandishi kama gari lake liliwahi kuitwa gereji na mtengenezaji, na lilifanywa nini. Mwenye duka asiyejua hiyo asiuze.

Tatu, mafundi wetu waache kulikata chujio na kulitupa kwa kisingizio cha kurudisha nguvu. Twajua mteja hulia na fundi humwonea huruma. Lakini kulitupa chujio ni kumhamishia ugonjwa mtoto wa jirani.

Nne, sheria zetu ziseme wazi kwamba muuzaji akikosa, uchaguzi ni wa mnunuzi: kurudisha, au kutengenezewa kwa dhamana. Na matengenezo yapimwe na mtu asiyelipwa na muuzaji.

Ndugu zangu, shauri hili lapita motokaa. Kesho litakuwa dawa ya mahindi, pampu ya maji, au mashine ya hospitali. Mtu akuuziaye kitu kibovu atakuja na spana mkononi, atabasamu, atakuambia, "Niachie mimi, nitatengeneza." Mwambie atengeneze, lakini usitie sahihi mpaka umelijaribu gari mlimani.