Mhazini, zipe hela jina kabla hujaitwa mwizi

Leo naongea na nyie vijana wa mjini mnaopewa uhazini kwenye kamati za harusi kwa sababu moja tu: "Yule anajua kompyuta." Ukibeba cheo hicho ujue umebeba na lawama. Maharusi wanakwenda zao fungate, wewe unabaki unaulizwa hela za watu ziko wapi.

Mara nyingine hela haijaliwa na mtu. Imepotelea kwenye Excel!

Sikiliza ilivyo. Una wachangiaji 40, na michango yao umeipanga safu ya B, mstari wa 2 hadi wa 41. Jumla umeiweka safu nyingine ya ukurasa huo huo kwa fomula =SUM(B2:B41). Hesabu iko sawa, ila mwenyekiti akiiona anakutolea macho. B2 ndiyo nini? Ndiyo maana kuna mtindo wa kuzipa seli jina. Zichague zote 40, nenda kwenye kile kisanduku kidogo cha juu kushoto kinachoonyesha anwani ya seli, andika Michango, gonga Enter. Basi! Sasa unaandika =SUM(Michango), na hata shangazi wa bibi harusi anaelewa.

Jina nalo lina miiko yake. Halitaki nafasi katikati, kwa hiyo andika Michango_Taslimu. Halianzi na tarakimu. Na lisifanane na anwani ya seli.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Wanadhani jina likishawekwa linajiongoza. Thubutu! Wiki ya mwisho wanakuja wachangiaji wapya 5, kila mmoja na 50,000 yake. Wewe unawaandika chini, mstari wa 42 hadi wa 46. Jina lako bado limegota kwenye 41. Shilingi 250,000 ziko kwenye orodha, kwenye jumla hazimo. Siku ya kikao anatokea mjomba mmoja na kalamu yake, anajumlisha jina kwa jina, halafu anauliza taratibu: "Msomi wetu, hii laki mbili na nusu imekwenda wapi?" Hapo hata ukiapa, watu washakuhukumu.

Dawa yake haichukui dakika. Bonyeza Ctrl na F3 kwa pamoja. Linafunguka dirisha la Name Manager, lenye majina yote uliyowahi kuyaweka. Gonga Michango mara moja, kisha tazama kisanduku cha chini, kinachoonyesha jina linashika wapi hadi wapi. Bonyeza F2 kwanza, maana bila hivyo ukigusa vishale vya kibodi vinakuchomekea anwani usizozitaka. Badilisha 41 iwe 46, gonga alama ya vema, umemaliza. Kila fomula inayotumia jina hilo inajirekebisha yenyewe.

Ukitaka kubadili jina lenyewe, fanya humo humo kwa kitufe cha Edit. Ukiandika jina jipya kwenye kile kisanduku cha juu hujabadili kitu, umeongeza jina la pili. Na usifute jina ovyo: fomula zinazolitegemea zitakujibu #NAME? mbele ya kamati nzima.

Kama hutaki kufukuzana na mistari, geuza orodha iwe jedwali kwa Ctrl na T, ndipo uipe safu ya hela jina. Ukiongeza mtu chini yake, jedwali linajinyoosha na jina linafuata.

Usione hili ni la kamati za uswahilini tu. Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko kuhusu madeni ya nchi, nalo likanukuliwa na wanasiasa waliotaka serikali zibane matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Thomas Herndon, akalifungua faili lao. Fomula ya wastani ilikuwa inaanzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, badala ya 49. Nchi 5 zilikuwa nje! Hiyo haikuwa kasoro pekee aliyoiona, lakini ndiyo iliyowachekesha watu, na wenyewe waliikubali.

Kama maprofesa wamenaswa na mistari 5, wewe ni nani? Kabla ya kila kikao, Ctrl na F3, kagua kila jina linaishia wapi. Hela za watu hizo, ndugu yangu.