"Haiwaki" Si Ugonjwa, Ni Dalili

Wasee, neno "haiwaki" linatumalizia pesa. Unapelekea fundi desktopu ya zamani, anaiangalia dakika mbili, anasema, "Mazabodi imeenda." Unarudi home ukipiga hesabu ya mashine mpya, na noti za chuo pamoja na picha za shosho ziko ndani ya hiyo unataka kutupa.

Maoni yangu ni moja: usitoe hata shilingi kabla hujajua "haiwaki" yako ni ya aina gani. Ziko tatu.

Kwanza, kimya kabisa. Hakuna taa, feni haizunguki. Shuku umeme. Jaribu soketi ingine na waya ingine, halafu cheki ile swichi ndogo nyuma ya pawa saplai. Ila pawa saplai yenyewe usiifungue, maana hubaki na umeme hata ukiichomoa.

Pili, feni inazunguka lakini skrini ni giza. Cheki waya ya skrini, kisha RAM. Chomoa umeme, gusa chuma ya kasha, toa RAM, sugua meno yake polepole na raba ya kufuta penseli, irudishe mpaka ikae imara. Kama ziko mbili, jaribu moja moja.

Tatu, skrini inawaka halafu inagoma na ujumbe. Usome! Pengine ni flashi tu imesahaulika kwa USB. Na kama saa inarudi miaka ya nyuma kila ukichomoa umeme, betri ya CR2032 imeisha, ile ya volti 3 iliyo duara kama sarafu. Hiyo ikiisha, BIOS inaweza kusahau mipangilio na Windows ikakataa kuanza, ilhali diski ni nzima.

Na hata kama mazabodi imekufa kweli, diski inaweza kuwa hai. Itoe, iunganishe na kompyuta ingine, nakili vitu zako kwanza. Mashine utanunua ingine. Picha za shosho hazina duka.

Sina beef na mafundi. Fundi wa ukweli hupima mbele yako na kukuonyesha kilichoharibika. Yule hawezi kukuonyesha anabahatisha, na anabahatisha na pesa yako.