Neno la Mhariri: Mshika Mlango

Makala mbili za mwanzo za toleo hili zilinifikia wiki moja, na nilipozimaliza nilitamani kuzifungia chumba kimoja mpaka zipatane. Ya kwanza inahusu inipi, sala ya Walakota, Wenyeji wa Marekani, ndani ya kibanda cha fito chenye giza na mvuke wa mawe yaliyochomwa; inasema asiye Mlakota akiingia humo ni mwizi, hata kama amealikwa. Ya pili inajibu, bila kujua kwamba inajibu, kuwa roho haina pasipoti na kila mwenye kiu ya Mungu anayo haki ya kuinama akaingia. Waandishi wote wawili ni hodari, nami sikuwakata sana. Lakini kurasa ishirini na moja za mabishano, na mwenyeji anapita humo kama kivuli. Mgeni ana haki gani, mgeni amekosa nini, mgeni alijisikiaje alipotoka. Utadhani watu walipinda fito na kuchoma mawe ili sisi tupate la kujadili.

Kabla sijafika kwa mwenyeji, kuna jina. Waandishi wetu wameleta manne: kibanda cha jasho, hema la mvuke, sauna ya Wahindi Wekundu (hili nimelifuta; jarida hili liliachana na "Wahindi Wekundu" zamani na halirudi huko) na nyungu ya Marekani. La mwisho lilinichekesha kwa sababu najua lilikotoka. Mwaka 2020, wakati wa korona, Watanzania wangapi hawakujifunika blanketi juu ya chungu cha mikaratusi, mchaichai na malimau? Mtu aliyelelewa na nyungu ukimwambia kuna watu wanaoketi gizani kwenye mvuke, atakukatiza: aa, kujifukiza. Basi, kumbe tunajua.

Hatujui. Nyungu ni dawa. Una mafua, unapiga nyungu, unapata nafuu au hupati. Inipi ni sala. Wenye Kilakota hulihusisha jina hilo na uhai na pumzi. Jasho walilitanguliza wazungumzaji wa Kiingereza, waliotazama kwa nje wakaita kitu kwa kile walichokiona kikitiririka. Ni sawa na mtu achungulie msikiti, arudi kwao aandike kwamba Waislamu wana nyumba nzuri sana ya kunawia miguu. Ndiyo maana humu ndani mtakuta neno inipi peke yake, halina tafsiri. Waandishi wawili wamelalamika. Nimewasikia.

Kosa hilo la jina lina gharama. Ukiisha kuita ibada jasho, swali linalofuata ni nani anaweza kutoka jasho zaidi. Tarehe 8 Oktoba 2009, karibu na Sedona huko Arizona, mhamasishaji aitwaye James Arthur Ray aliingiza watu zaidi ya hamsini katika kibanda kimoja. Mafunzo yake ya siku tano yaliuzwa zaidi ya dola 9,000 kwa kichwa. Washiriki walikuwa wametoka kukaa jangwani saa 36 bila chakula wala maji. Wakaingizwa kwenye joto, wakahimizwa kustahimili. Watu watatu walikufa, wawili jioni ileile na mmoja hospitalini siku chache baadaye. Mwaka 2011 Ray alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Mwandishi wa makala ya kwanza anaitumia Sedona kama ushahidi kwamba wageni wasiingie. Wa pili anaipita kwa nusu sentensi, ajali, bahati mbaya. Mimi nawauliza wote wawili: kule Sedona, mwenyeji alikuwa nani? Katika inipi, aliyezidiwa husema mitakuye oyasin, maneno ambayo kwetu yangekuwa sote ni ndugu, na mlango unafunguliwa. Maneno hayohayo mtu huyasema anapoingia na anapotoka. Hakuna anayemhoji, wala hakuna anayempigia makofi aliyebaki. Pale Sedona hapakuwa na mzee, hapakuwa na ndugu wa kuitwa, na aliyesimamia joto ndiye aliyechukua pesa. Wenye ibada watakwambia inipi haina nauli. Unakwenda na tumbaku, unakwenda na chakula, unakwenda na mikono yako.

Na mwenyeji si bubu. Mwezi mmoja tu baada ya vifo vile, wajumbe wa Kilakota walikwenda mahakamani, wakamshtaki Ray pamoja na serikali ya Marekani, wakiegemea mkataba wa Fort Laramie wa 1868, ambao kifungu chake cha kwanza kinailazimu serikali kuwakamata watu wabaya miongoni mwa Wazungu wanaowadhuru Wenyeji. Naupenda ujasiri huo kupita kiasi. Mkataba ambao Marekani iliuvunja mara ngapi sijui, wao wakautoa kabatini, wakaufuta vumbi na kusema: haya, hapa mliahidi.

Walikuwa wamesema mapema zaidi ya hapo. Juni 1993, mkutano wao ulipitisha tamko walilolipa jina la vita dhidi ya wanaoichuuza imani ya Walakota. Mwaka 2003 Arvol Looking Horse, mtunzaji wa kiko kitakatifu wa kizazi cha 19, alitoa agizo la kuwabana wasio Wenyeji kwenye ibada saba za Walakota. Kuna Walakota waliompinga, na walikuwa na mfano wa kumnyooshea: Frank Fools Crow, mganga na kiongozi aliyefariki 1989, ambaye aliwapokea wasio watu wake na hata akamruhusu mchungaji wa Kilutheri, Thomas Mails, aandike habari zake. Kwa hiyo wenyeji wenyewe hawajapatana. Hayo ni mabishano ya nyumbani, na nyumba hiyo ina kumbukumbu: kanuni za serikali ya Marekani za 1883 zilifanya ibada yao ya ngoma ya jua na kazi za waganga wao kuwa makosa ya kuadhibiwa, makatazo yakaondolewa 1934, na sheria ya kulinda uhuru wa ibada zao ikaja 1978. Babu aliyesali kwa kujificha ana mjukuu aliyeona ibada ileile ikiuzwa dola 9,000. Katika hali hiyo, anayekuja na hoja kwamba roho haina pasipoti angalau abishe hodi kwanza.

Nakiri nina upendeleo katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Dakota Kusini na rafiki yangu Mkenya aliyekuwa akisoma kule na kuzoeana na familia moja ya Kilakota. Nilifika na tumbaku kama nilivyoelekezwa. Mzee aliipokea, akanitazama viatu, akanionyesha shoka. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa langu kabla sijaketi. Nilipasua kuni tangu mchana, na kijana mmoja, mjukuu wake, akanifundisha kupanga mawe motoni. Mawe ya mtoni hayafai, alisema, yanabeba maji ndani yakapasuka. Wanatafuta ya volkeno, meusi, yenye vitundu kama mkate.

Jua lilipozama watu wakaanza kuingia kwa magoti, nami nikafungua kamba za viatu. Mzee akasema, "Wewe utashika mlango."

Nilikasirika, sitaki kuficha. Nilikuwa nimepanda ndege tatu. Lakini kila mtu alimwita babu, nami nikamwita babu, na babu habishiwi. Basi kwa duru nne nilikaa nje. Nikisikia wito nainua blanketi. Kijana anabeba jiwe kwa uma mrefu wa shambani, jekundu mpaka ndani, nami nalipangusa majivu kwa tawi kabla halijapita. Humo kila jiwe linapokewa kama babu aliyefika. Kisha nashusha blanketi na kuzunguka kutazama kama kuna tundu linaloingiza mwanga. Nasikia kata inagonga ndoo, nasikia maji yakilia juu ya mawe.

Katika duru ya tatu mwanamke mmoja aliyasema yale maneno ya kutokea. Nikavuta blanketi, likagoma. Nilikuwa nimelibana chini kwa jiwe ili upepo usiliinue. Nikavuta tena. Kijana akapitisha mkono juu ya bega langu, akalikwanyua, mvuke ukatoka, naye yule mama akatambaa nje akalala chali kwenye nyasi. Labda zilipita sekunde tatu. Kijana hakunigombeza. Alilichukua lile jiwe langu, akaenda nalo mbali, akalitupa gizani.

Kwa hiyo makala zinaponiuliza kama mgeni anaweza kushiriki, nashindwa kuelewa kwa nini kushiriki kuna maana moja tu, kuingia ndani na kurudi na simulizi. Ningependa mmoja wao angeuliza mgeni apewe kazi gani, na nani anayempa. Yaliyosemwa ndani yalipenya blanketi, na baadhi niliyasikia. Hayatachapwa humu.

Nimechukua nafasi kubwa, na bado kuna wengine. Makala ya nne, juu ya wafungwa Wenyeji wa Nebraska waliokwenda mahakamani miaka ya 1970 kudai haki ya kusali kwa njia yao, mpaka inipi ikajengwa ndani ya ukuta wa gereza, ndiyo bora ya toleo hili. Ingetangulia kama isingefika siku ya mwisho. Mwandishi wake hasemi neno juu ya jambo moja ambalo mimi sikuacha kuliwaza: pale, mlango mwingine, ule wa chuma, umeshikwa na askari. Makala ya tano inahusu temazcal, ibada ya mvuke ya Meksiko, na biashara ya utalii, na ni ndefu. Shairi lipo ukurasa wa 58. Mahojiano na mfanyabiashara wa pwani anayetaka kuwauzia watalii "usiku wa kilinge" tumeyachapa yote, asije akasema tulimnyima nafasi. Majibu yake yanajitosheleza.

Mwisho ni suala la jalada. Tuliletewa picha iliyopigwa ndani ya inipi, nzuri kwa kweli, mvuke na nyuso. Nilimpigia simu aliyeileta nikamuuliza nani alimruhusu. Akasema giza lilikuwa zito, hakuna aliyeona kamera. Tumemrudishia. Mnachokiona jaladani ni rundo la kuni na shoka, picha niliyoipiga mwenyewe mchana ule, kwa ruhusa. Kuni zilizopasuliwa vibaya, zile za kushoto, ni zangu.