Butembo: karatasi ndogo kwa mafundi waliokimbia vita

Tangu Kanyabayonga ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilikimbilia Lubero na Butembo. Kati yao kuna mafundi cherehani, vinyozi na akina mama wanaochoma mandazi. Ufundi walikuja nao. Wateja walibaki nyuma, na katika mji mgeni hakuna anayejua mlango wao.

Bango la rangi ni ghali, na brosha ya kukunja iachiwe wenye maduka makubwa. Fundi aandike tangazo moja mara nne juu ya ukurasa wa A4, apige fotokopi nyeusi 25, akate: tayari ana karatasi 100. Makasi anayo.

Wengi hutupa pesa kwenye maneno. Wanajaza Kifaransa kirefu na sifa, kumbe mama anayetafuta wa kushona sare ya mtoto anataka bei, namba ya simu na mahali: nyuma ya kanisa gani, karibu na bomba gani. Aandikiwe kwa Kiswahili au Kinande. Na kwa kuwa mkimbizi huhama nyumba mara kwa mara, nafasi ya mahali ibaki wazi, ijazwe kwa kalamu.

Kuzimwaga njiani ni hasara. Kila mteja anayelipa apewe mbili, moja ya jirani yake.

Wako wenye maduka wanaokataa karatasi hizo ukutani eti ni za wakimbizi. Uzi na vifungo, wakimbizi hao wananunua wapi?