Waya uliokatwa si waya uliokufa

Tangu sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ifungue biashara ya umeme nchini Kongo, mji wa Goma una kampuni zaidi ya moja zinazogawa umeme. Ni jambo zuri. Lakini mkaaji anapoacha kampuni moja na kuingia nyingine, waya wa zamani unaweza kubaki ukining'inia kwenye ukuta wa mbao, ncha yake imeviringishwa skochi tu. «Huo haufanyi kazi tena», tunaambiwa. Mama anaanika nguo hapo.

Nani alihakikisha? Katika miji yetu umeme hukatika ovyo, na wakati wa delestaji kila waya huonekana umekufa. Fundi anagusisha turnavisi ya kupimia, taa yake haiwaki, anachukua pesa na kuondoka. Usiku umeme unarudi, na volti 220 ziko kwenye ncha ile. Fundi anayejua kazi hujaribu kwanza kipimo chake kwenye waya wenye umeme, kisha kwenye ule anaoushuku, kisha anarudia kule kwa kwanza. Kama mtaa hauna umeme, asubiri. Hata jenereta ya jirani, ikiunganishwa vibaya, inaweza kurudisha umeme kwenye waya ambao wote wanajua umekatwa.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Waya usiotumika hutolewa wote. Kama umezikwa ndani ya simenti na hautoki, hufunguliwa pande zote mbili, kuanzia kwenye disjonkta. Kila uzi hufungwa peke yake ndani ya domino, domino ndani ya bwati yenye kifuniko, na juu yake huandikwa ulikuwa wa nini. Skochi peke yake hulegea kwa joto. Na kuzima swichi ya ukutani si kukata: swichi ya kawaida hukata uzi mmoja tu, na kwa mafundi wengine wa mtaani, si ule unaofaa.

Kampuni inayoachana na mteja iondoe waya wake hadi kwenye nguzo. Mkaaji asipande kuukata mwenyewe. Na wenye nyumba, wanaodai garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa funguo, walipie fundi kabla mpangaji hajaingia. Mpangaji naye aulize: waya huu unatoka wapi? Akijibiwa «sijui», asipigilie msumari karibu nao.