Kuzama Kazini Si Uzembe

Juzi niliunguza maharagwe. Mama alikuwa ameyainjika jikoni akaniambia niyaangalie, naye akatoka. Mimi nilikuwa nahangaika na hesabu moja ya jiometri. Aliporudi, moshi umejaa nyumba nzima na mimi sina habari! "Wewe mtoto umerogwa?" aliniuliza. Aliponigombeza nilinyamaza, maana nilistahili. Lakini hesabu iliyonishinda juma zima nilikuwa nimeipata.

Hali hiyo si uchawi. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia aliyefundisha Marekani, aliwahoji wapanda milima, wacheza sataranji na madaktari wa upasuaji. Walimweleza kwamba wakizama kazini, saa hupita kama dakika na hata nafsi zao huzisahau. Mwaka 1990 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Kazi ikiwa rahisi mno, alisema, mtu huchoka nayo. Ikiwa ngumu mno, huingiwa na wasiwasi. Katikati ndipo mtu huzama. Naye Arne Dietrich, mwaka 2004, alitoa wazo kwamba wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo hutuwezesha kujichunguza, hupumzika kidogo.

Maoni yangu ni haya: sisi wanafunzi wa kutwa hatukosi akili, twakosa saa moja isiyokatwakatwa. Shuleni kengele hulia kila baada ya dakika 40. Nyumbani nako, ukifungua kitabu tu, "We, hebu niletee maji!" Ukirudi, "Kimbia dukani, chumvi imeisha!" Kila ukiitwa, hesabu waianza upya. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mshika mawili moja humponyoka.

Kuna watakaosema kwamba hata anayecheza michezo ya simu huzama. Naam, ni kweli, tena huzama mpaka usiku wa manane! Kwa hivyo ni juu yetu kuchagua tutakachozamia.

Wazazi wetu, siombi kusamehewa kazi. Maji nitateka, vyombo nitaosha. Naomba saa moja tu kila jioni, bila kuitwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, mkipewa saa hiyo msiimalize kwa kupiga soga.

Mimi na mama tumekwisha kupatana. Saa yangu nimepewa, ila kwa sharti moja: kwanza nihakikishe hakuna chungu jikoni.